Hoteli ya Mtaa wa Matajiri Yatuhusu Sote



Kila alfajiri Barabara ya Waiyaki hujaa watu waendao kwa miguu kutoka Kangemi kuelekea Westlands. Wengine hutoka Kawangware na kushika njia ya Lavington. Hao ndio wapishi, watandika vitanda, wafua nguo, walinzi na watunza bustani wa hoteli za kifahari zilizochipuka katika mitaa ya Nairobi tuliyozoea kuiita ya makazi: Westlands, Riverside, Kilimani, Gigiri, Karen. Jioni hurudi kwa njia ile ile. Wanaijua mitaa hiyo kuliko wengi wenye nyumba humo, wala hakuna anayewauliza lolote juu yake.

Hivi majuzi tulisimama mbele ya ua wa mabati katika mtaa mmojawapo. Nyumba ya zamani iliyokuwamo ilikuwa imekwisha kubomolewa, miti imekatwa, na shimo la msingi limechimbwa. Juu ya mabati palitundikwa tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi kutoka makazi hadi hoteli, kwa Kiingereza cha mawakili na kwa herufi ndogo, likimwalika kila mwenye pingamizi ajitokeze. Mvua ilikuwa imefuta karibu nusu yake. Mlinzi aliyeketi chini ya tangazo hilo kwa majuma kadhaa alitwambia alidhani ni onyo la watu wa umeme. Tulicheka, kisha tukaona haya, maana hata sisi hupita matangazo ya namna hiyo kila siku bila kuyasoma.

Wapo watakaotuuliza: jarida la mageuzi lina haja gani na hoteli za matajiri? Si ugomvi wa mabwanyenye wao kwa wao, huyu akilia kwamba jirani yake amemzibia jua? Kwa kweli malalamiko ya aina hiyo yapo, na hatuna nia ya kuwa tarumbeta ya mwenye ua mkubwa anayechukia tu kuona matatu ikisimama karibu na lango lake. Lakini jambo lenyewe ni pana kuliko hapo.

Jiji hili lilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na tangu mwanzo liligawanywa kwa rangi ya ngozi. Mzungu alijitwalia miinuko ya magharibi na kaskazini, yenye hewa safi na vijito. Mwafrika akasukumwa mashariki, Pumwani na kwingineko. Baada ya Uhuru wa 1963 mpaka wa rangi uligeuka kuwa mpaka wa bei, nao umesimama imara vile vile. Hoteli kubwa kwa muda mrefu zilikaa katikati ya jiji au kandokando yake: Norfolk tangu 1904, Hilton na Intercontinental tangu 1969. Hizi mbili za mwisho zimefungwa, moja mwaka 2020 na nyingine mwishoni mwa 2022. Wakati huohuo anasa ilikuwa imekwisha kuhamia mitaani: Tribe kule Gigiri mwaka 2008, Sankara huko Westlands mwaka 2010, Villa Rosa Kempinski katika Barabara ya Chiromo na Hemingways kule Karen mwaka 2013. Twazitaja kuonyesha mwendo wa mambo, si kuzishtaki. Hoteli huleta ajira, na mwenye watoto wa kulisha haidharau kazi.

Swali letu ni hili: nani huruhusu, na nani huulizwa kabla ya kuruhusu?

Tulipodai kifungu 2A kiondolewe, nacho kikaondolewa Desemba 1991, wengi walidhani chama kimoja ni jambo la kura tu. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilitufunua macho. Ilionyesha kwamba ugawaji haramu wa ardhi ya umma ulipamba moto karibu na chaguzi zile zile za vyama vingi za 1992, 1997 na 2002. Viwanja vilikuwa hongo. Bustani, misitu, akiba za barabara na ardhi za mashirika ya umma ziligeuzwa hati miliki za kutuza utiifu. Wasomaji wa Maandiko watakumbuka kwamba Nabothi hakunyang'anywa shamba lake la mizabibu bila karatasi. Barua ziliandikwa, muhuri ulikuwa wa mfalme, mashahidi walipatikana.

Tutazame Lang'ata. Katika barabara yake kuu, mkabala na Uwanja wa Ndege wa Wilson, imesimama Hoteli ya Weston juu ya ardhi iliyokuwa ya umma, ya usafiri wa ndege. Januari 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi iliamua hoteli ibaki, na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ilipwe fidia kwa bei ya soko. Mwenye hoteli, William Ruto, wakati huo Naibu wa Rais na aliyechaguliwa kuwa Rais mwaka 2022, alikubali hadharani mwaka huo wa 2019 kwamba wamiliki wa kwanza waliipata ardhi hiyo kinyume cha sheria. Yeye, alisema, ni mnunuzi asiye na hatia.

Sasa tutazame tukio jingine la Lang'ata hiyo hiyo. Tarehe 19 Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirushiwa gesi ya kutoa machozi na polisi kwa kuandamana dhidi ya ukuta uliojengwa kuuzingira uwanja wao wa michezo. Ukuta ulianguka, na uwanja ukarudi kwa watoto. Kwa nini hapa umma ulishinda na kule ukaambiwa upokee fedha? Watoto walikuwa na ujasiri, naam, lakini pia juu ya uwanja wao hapakuwa na ghorofa bado. Palikuwa na ukuta tu.

Ndivyo ilivyokuwa Karura. Msitu huo umepakana na Muthaiga, Gigiri na Runda, na katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa kampuni za watu binafsi. Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti tarehe 8 Januari 1999, walipigwa na walinzi wa kukodiwa, naye akajeruhiwa kichwani. Walipigwa, lakini walikuwa wamefika mapema, na msitu upo. Leo wageni wa hoteli za jirani hukimbia humo asubuhi kunyoosha viungo. Wengi wao hawajui ni damu ya nani iliyowatunzia kivuli hicho.

Jengo likisha kusimama hujitetea lenyewe. Lina mkopo wa benki na wapangaji, lina wafanyakazi wanaohofia mshahara wa mwisho wa mwezi. Hata likibomolewa, kama lilivyobomolewa jumba la Ukay pale Westlands Agosti 2018 kwa kuwa lilijengwa kandokando ya mto, anayelia kwanza ni mchuuzi na karani, wala si aliyetia sahihi ya kibali. Ndiyo maana lile tangazo la kwenye mabati lina uzito. Ule muda mfupi kabla ya kuchimba shimo ndio muda ambao mwananchi ana nguvu.

Na asidhani mtu wa Kawangware kwamba hana neno la kusema kuhusu Lavington. Maji ya jiji hili hutoka mbali, kwenye mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, na kwa miaka mingi sasa yamekuwa yakigawanywa kwa zamu. Hoteli yenye bwawa la kuogelea na mamia ya bafu huchimba kisima kirefu chake, na kila kisima kirefu hunyonya maji yale yale ya chini ya ardhi. Mama wa Kawangware hununua mtungi. Maji taka yakizidi uwezo wa mabomba huishia mtoni, na mto hauulizi nani ana hati miliki. Hushuka kutoka Riverside ukapita Dandora.

Katiba ya 2010 imelitambua hilo. Kifungu cha 42 champa kila mtu haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 70 chamruhusu kwenda mahakamani kuilinda bila kulazimika kuthibitisha kwamba mtu yeyote amekwisha kudhurika. Hakidai awe na ploti wala akae mtaa huo. Mfua nguo wa Kangemi anaweza kuihoji hoteli ya Westlands kama vile jaji mstaafu aishiye jirani nayo.

Papa Fransisko alipolitembelea Kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi pale Kangemi, Novemba 2015, alilaani wajenzi binafsi wasio na sura ambao hulimbikiza ardhi na kutamani hata viwanja vya watoto wa shule. Tulipiga makofi. Lakini kamati ngapi za haki na amani zimepata kusoma tangazo moja la ujenzi tangu siku hiyo?

Twaomba basi kila parokia na kila ushirika uteue watu wawili wa kupita mitaani. Wanakili matangazo hayo pamoja na tarehe na nambari ya kiwanja, wayafasiri kwa Kiswahili, nayo yasomwe kanisani pamoja na matangazo ya ndoa. Pingamizi ipelekwe kwa maandishi katika ofisi ya mipango ya kaunti. Pakitolewa leseni ya mazingira isiyoridhisha, rufaa hupelekwa kwa Baraza la Kitaifa la Mazingira katika muda wa siku 60. Zikipita, mlango umefungwa. Na tafadhali, asitangulizwe mfanyakazi wa hoteli kutia sahihi yake. Yeye atafukuzwa kesho yake. Watangulie wenye nyumba na wachungaji, walio na kinga kidogo, naye afuate akipenda.

Lile tangazo tuliloliona tumelinakili, ile sehemu iliyosalimika na mvua. Barua ya kuuliza ile nusu nyingine ilisema nini tumekwisha kuipeleka ofisini, na nakala yetu imegongwa muhuri wa kupokelewa.