Kabla hujaweka kreti ya soda, uliza kwanza nani anahesabu kura

 

Leo nataka tuongelee kitu ambacho kila mwaka kinaleta ubishi kuanzia stendi ya Omurushaka, Kayanga, mpaka huko Nkwenda na Murongo. Tuzo. Yaani majina ya wanaowania yakitangazwa tu, kila mtu anakuwa mtabiri. Kwenye kibanda umiza watu wanaacha kuangalia mpira wanabishana Diamond atabeba au hatabeba. Na wabishi hawabishani bure, wanawekeana. Ubaya BET huwa zinakuja Juni, kahawa ndo imeanza kuchumwa, kila mtu anajiona ana hela.

Mi mwenyewe nimeliwa. Juni 2021 niliweka kreti nzima ya soda kwa jamaa yangu wa Nkwenda kwamba Diamond Platnumz anachukua BET. Tukakesha, maana Jumapili jioni ya Los Angeles huku ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Akatajwa Burna Boy wa Nigeria. Jamaa hakucheka hata, akaniambia tu "leta kreti". Kilichoniuma zaidi ya soda ni kwamba jibu lilikuwa wazi tangu mwanzo, mi ndo sikulisoma.

Twende taratibu.

TUZO SIO KITU KIMOJA

Kosa letu kubwa ni kuuliza "nani mkali?" Hilo ni swali la kijiweni. Swali la mtabiri ni: nani anapiga kura, na kura zinahesabiwaje? Ukishajibu hilo, nusu ya kazi imeisha.

Kwa tuzo ambazo sisi Wabongo tumezifuatilia, kuna aina tatu.

Aina ya kwanza ni kura ya kidole. Shabiki yeyote mwenye simu au aliyekaa kafe anapiga, na mara nyingi anaweza kurudia. MTV EMA zilikuwa hivyo kwenye kipengele cha Msanii Bora wa Afrika. Channel O nao walikuwa wanategemea kura za watazamaji.

Aina ya pili ni kura ya jopo. Kuna watu wa tasnia, wamechaguliwa, wao ndo wanaamua. Vipengele vikubwa vya BET viko hivyo, na Grammy ziko hivyo. Wewe na mimi tunaweza kuandika jina la msanii wetu mitandaoni mpaka kidole kiote sugu, haiongezi kura hata moja.

Aina ya tatu ni kura ya nchi. Hii tuliiona Big Brother Africa. Sio tuzo ya muziki, najua, lakini ina somo, nitairudia.

SASA TAZAMA MATOKEO

Juni 2014 Diamond aliwania BET, kipengele cha wasanii wa Afrika, pamoja na Davido, Mafikizolo, Sarkodie, Tiwa Savage na Toofan. Alishinda Davido. Novemba mwaka huo huo zikaja tuzo za Channel O kule Afrika Kusini, na Diamond yule yule akaondoka na tuzo 3. Kilichobadilika ndani ya miezi 5 ni mpiga kura, msanii ni yule yule.

Oktoba 2015 kwenye MTV EMA, Milan, akachukua Msanii Bora wa Afrika. Halafu wakamshindanisha na mshindi wa India, Priyanka Chopra. Jamani, India! Sensa yao ya 2011 ilihesabu watu zaidi ya bilioni 1.2. Sisi sensa ya 2012 tulikuwa milioni 44.9. Kama wingi wa watu ndo unaamua, pale hapakuwa na mechi. Lakini Diamond akashinda.

2016 akarudi BET, akashinda Black Coffee wa Afrika Kusini. Miezi michache baadaye, Novemba 2016, zikaja EMA za Rotterdam. Hii wengi mnaikumbuka. Kwanza Wizkid alitangazwa Msanii Bora wa Afrika, mashabiki wa Nigeria wakashangilia, halafu MTV wakageuza: mshindi ni Alikiba. Vita iliyotokea Twitter ile siku sio ya nchi hii.

Na 2017 Rayvanny, kijana wa Mbeya, akachukua BET. Wengi tulisema "hatimaye BET wametukubali". Tulia kwanza, soma jina la kipengele: ilikuwa Chaguo la Watazamaji kwa msanii mpya wa kimataifa. Kura ya kidole ndani ya nyumba ya jopo. Kati ya aliowashinda walikuwepo Dave wa Uingereza na Daniel Caesar wa Canada. Miaka miwili baadaye, 2019, Dave alichukua Mercury Prize kwao Uingereza, na Daniel Caesar akachukua Grammy. Majopo yaliwaona hao wawili. Vidole vilimwona Rayvanny. Sisemi nani mkali kuliko mwingine, nasema mizani ni mbili tofauti.

Mfano unaofunga kazi ni wa Diamond na Burna Boy. BET 2021, jopo: Burna Boy. EMA 2023, kidole, wote wawili wamo kwenye kipengele kimoja: Diamond. Watu wale wale, mizani tofauti, jibu tofauti.

Hesabu yangu ni hii. Kwenye kipengele kikuu cha BET Diamond amewania 2014, 2016 na 2021, hajapata hata moja. Kwenye Msanii Bora wa Afrika wa EMA, Tanzania imebeba 2015, 2016 na 2023.

KIDOLE NACHO KINACHOKA

Msije mkasema nimesema kura ya kidole tunashinda daima. Hapana. 2017 EMA ile ile alichukua Davido, 2018 Tiwa Savage, 2019 Burna Boy, 2020 Master KG. 2024 akachukua Tyla wa Afrika Kusini, ambaye baada ya wimbo wake wa "Water" alikuwa na mashabiki dunia nzima. Huyo hata tungepiga kura nchi nzima bado angekuwa mgumu.

Kwa hiyo kidole kinatupa nafasi, hakitupi uhakika. Swali linalofuata ni: lini kidole cha Mbongo kinafanya kazi?

Mimi naona ni pale tunapokuwa na ugomvi wa nyumbani. 2015 na 2016 ndo Timu Diamond na Timu Kiba zilikuwa zimepamba moto. Watu hawakupiga kura kwa sababu ya Milan wala Rotterdam. Walipiga ili kesho yake wawe na la kusema mtaani. Timu Diamond imepata ya kwake 2015, Timu Kiba ikakaza meno mpaka na yenyewe ikapata 2016. Ushabiki ule ambao wazee wanasema ni wa kijinga ndo uliotufanya tupige kura kama nchi yenye watu mara tano yetu.

Lakini ugomvi huo huo una sumu. 2021 wakati Diamond anawania BET, kuna Watanzania walianzisha waraka mtandaoni wa kukusanya saini aondolewe, sababu ikiwa siasa, ukaribu wake na serikali ya awamu ya tano. Wengine wakasema ni wivu. Mi sitaki kuingia huko, kila mtu ana haki yake. Ninachosema kama mtabiri ni kwamba kelele ile yote haikuwa na uzito kwenye matokeo. Burna Boy alikuwa ametoka kuchukua BET 2019 na 2020, na Machi 2021 akachukua Grammy. Jopo lilikuwa limeshasema linampenda nani. Kreti yangu ilikufa tangu Machi, mi nikaizika Juni.

KURA YA NCHI

Sasa ile aina ya tatu. Big Brother Africa walikuwa wanahesabu hivi: watu wa nchi wanapiga kura zao, anayeongoza ndani ya nchi hiyo anapata kura moja ya nchi. Nigeria na watu wake wote, kura moja. Nchi ndogo, kura moja. Kwa mtindo huo Richard Bezuidenhout wetu alishinda 2007, na Idris Sultan akashinda Desemba 2014 na kuondoka na dola 300,000.

Kwenye mtindo huu ushabiki wa kwenu hausaidii sana, maana mkipiga kura milioni mnapata ile ile moja. Unachohitaji ni jirani akupende. Na hapa ndo sisi wa mpakani tungekuwa na dili. Mtu wa Murongo anaweza kuwa na laini ya Tanzania mfuko wa kulia na ya Uganda mfuko wa kushoto. Akipiga kwa laini ya Uganda, anasaidia kusogeza nchi nyingine kabisa. Kura yake ya mfuko wa kushoto ina faida kuliko ya mfuko wa kulia!

AMBAO HAWAHESABIWI

Waitu, hapa naomba tuelewane, maana hii ndo imenifanya niandike.

Tunashangilia kura ya kidole kwa sababu inatubeba. Lakini kidole chenyewe kinataka simu ya maana, bando na mtandao. Sensa ya 2012 ilihesabu zaidi ya watu laki 6 Karagwe na Kyerwa ukijumlisha. Wangapi kati yao wamewahi kupiga kura ya tuzo yoyote? Mama anayeuza ndizi mnadani anajua muziki, anacheza, ana wimbo anaoupenda. Hajahesabiwa popote.

Chukua Saida Karoli. Dada wa Kagera hii hii, anaimba Kihaya, na sisi Wanyambo tunamwelewa karibu kila neno. 2001 alitoa "Maria Salome", ikavuma nchi nzima na kuvuka mipaka, watu ambao hawajui Kihaya hata salamu wakawa wanaimba. Wapiga kura wake walikuwa watu wa kanda, redio na mabasi. 2016 Diamond akiwa na Rayvanny akaurudia kama "Salome", na wimbo ukaanza maisha mapya kwenye simu na YouTube.

Uone tofauti. Wimbo ni wetu wa Kagera, mapigo ni yetu, lakini ili uingie kwenye dunia ya kuhesabiwa ilibidi upite Dar kwa vijana wenye mamilioni ya wafuasi. Siwalaumu, wameufufua. Ila msanii wa Kinyambo anayerekodi leo Kayanga au Kaisho, watu wake ni wa harusi na redio. Kwenye kura ya kidole hana watu, kwenye kura ya jopo hajulikani. Tuzo za Kili za zamani angalau zilikuwa na kipengele cha wimbo wenye vionjo vya asili. Zikasimama baada ya 2015, na tuzo za taifa ziliporudi 2022 ulikuwa umepita muda mrefu.

Halafu angalia uwanja unavyopungua. Big Brother Africa iliishia ile ya 2014. EMA 2025 hazikufanyika. Sehemu ambazo vidole vyetu vilikuwa vinatubeba zinafungwa moja moja, wakati Grammy, ambayo ni ya jopo, 2024 ndo ikafungua kipengele cha muziki wa Afrika. Wa kwanza kukichukua alikuwa Tyla, Februari. Juni mwaka huo huo akachukua na BET. Umeona mfanano na Burna Boy 2021?

UTABIRI WANGU

Kwa hiyo mdau, kabla hujaweka soda:

1. Soma kipengele. Kama kuna neno "watazamaji" au "mashabiki", Mbongo ana nafasi. Kama hakuna, tulia.

2. Kama ni jopo, angalia Grammy za Februari. Aliyebeba kule, mpe nafasi kubwa BET ya Juni.

3. Kama ni kidole, angalia kama Wabongo wawili wamewekwa kipengele kimoja. Hapo tunagawana kura na mgeni anapita katikati.

4. Kama ni kidole na mpinzani ana wimbo unaopigwa dunia nzima, weka soda moja, usiweke kreti.

BET ijayo, kipengele kikuu cha kimataifa, mi sitaweka kwa Mtanzania hata awe nani, mpaka kwanza nione jopo lolote la nje limempa kitu. Sio kwamba sina uzalendo. Uzalendo nitauonyesha kwa kupiga kura pale inapohesabiwa, na kwa kununua kazi ya msanii wa hapa hapa akipita na flashi yake stendi.

Yule jamaa wa Nkwenda najua unasoma. Nataka kreti yangu irudi. Chagua kipengele mwenyewe, mi nitakuuliza swali moja tu: nani anahesabu?

Haya wadau, uwanja ni wenu. Anayepinga alete mwaka na jina la kipengele, sio matusi.