Usimgombeze mtoto, tazama mkebe

Mwezi jana nilimgombeza binti yangu Wambui bure. Alikuwa amepanda miche sita ya sukuma wiki katika mikebe ya mafuta ya kupikia, ile ya kilo moja, akaipanga kwenye baraza la nyuma. Wiki tatu za kwanza ilipendeza kweli. Kisha ikadumaa. Majani ya chini yakageuka manjano, nami nikaamua kuwa amesahau kuitilia maji.

"Baba, mimi huinyunyizia asubuhi na jioni," akajitetea. Sikumwamini.

Aliyemwokoa ni jirani yetu Mama Otieno, ambaye miche yake ilitoka kitalu hicho hicho, ila yeye aliipanda mmoja mmoja katika mitungi ya plastiki ya lita 20 iliyokatwa shingo. Majani yake ni mapana kama sahani.

"Baba Wambui, wacha kumsumbua mtoto. Pindua mkebe mmoja uone."

Nikapindua, nikagonga kitako. Lo! Kilichotoka kilikuwa mizizi mitupu, imejiviringa kando ya mkebe kama uzi kwenye kibiringo. Udongo ulikuwa haba sana.

Kumbe mizizi haipendi kukaa katikati, hukimbilia ukingoni. Wanasayansi wa Ujerumani walichungulia ndani ya vyungu kwa mtambo kama ule wa hospitali unaopiga picha za ndani ya mwili, wakaona mizizi ya shayiri na ya kiazisukari imefika ukingoni katika muda wa wiki mbili hivi. Wao na wenzao walikusanya tafiti 65, wakachapisha matokeo mwaka wa 2012: ukiongeza ukubwa wa chungu maradufu, mmea huongezeka uzito kwa wastani wa asilimia 43. Mizizi ikibanwa, hata majani hulegea katika kazi yake ya kutengeneza chakula kwa mwangaza wa jua. Tena mkebe mdogo hupata joto upesi, na maji ya asubuhi huwa yamekwisha kabla ya saa nane.

Kwa hivyo wewe mwenye baraza, dhania itakubali chombo kifupi. Sukuma wiki ipe angaa lita kumi kwa kila mche, nyanya lita 20, na utoboe matundu chini. Gunia lililojazwa udongo na samadi ni bora zaidi. (Na wenye kununua miche ya miti, tafadhali toeni ile karatasi ya plastiki kabla ya kupanda, na mnyooshe mizizi iliyojiviringa. Nimeona watu wakiifukia vivyo hivyo!)

Tulilegeza mizizi kwa vidole, tukahamisha miche mitano kwenye gunia. Wa sita ulivunjika mikononi mwangu.

Jumatano iliyopita Wambui alichuma majani ya kutosha mlo wa jioni. Akaweka sahani mezani, akanitazama, akangoja. Nilimwomba radhi kabla ugali haujapoa.