Farasi Mgonjwa Apumzishwe, Asikimbizwe

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Farasi, maskini, hafichi maradhi yake. Hufichiwa na binadamu. Ndiyo sababu siwaungi mkono wanaodai kuwa upimaji wa dawa katika mbio za farasi umepita kiasi.

Hao hutaja kisa cha Medina Spirit, aliyetangulia wenzake katika Kentucky Derby, nchini Marekani, tarehe 1 Mei 2021. Damuni mwake ilipatikana betamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, pikogramu 21 tu kwa kila mililita. Mkufunzi wake, Bob Baffert, kwanza alikana kwamba farasi huyo alitibiwa kwa dawa hiyo. Siku chache baadaye akaeleza kuwa alipakwa marhamu ya upele iliyokuwa nayo, pamoja na antibiotiki iitwayo jentamisini. Mnamo Februari 2022 Medina Spirit alipokonywa ushindi, akapewa Mandaloun.

Je, tiba imekuwa kosa? La hasha! Lakini hebu tuitazame sindano ya penisilini iliyochanganywa na prokeini. Penisilini huua bakteria. Prokeini huifanya isambae mwilini polepole na kupunguza uchungu wa sindano. Hata hivyo, prokeini yenyewe ni dawa ya ganzi, na yaweza kuonekana katika mkojo wa farasi majuma kadhaa baadaye. Mpimaji atajuaje kama ilidungwa kwa ajili ya kidonda au kuutia ganzi mguu unaouma? Farasi asiyesikia maumivu ataukimbilia mguu wenye ufa hadi uvunjike, na akianguka, huanguka na aliyempanda.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, farasi akiugua na atibiwe kikamilifu na daktari wa mifugo, kila dawa iandikwe daftarini, naye asishindane hadi mwili utakapotakata. Mkufunzi asiyejua kilichomo katika marhamu anayompaka farasi wake hana wa kumlaumu.

Najua kishawishi ni kikubwa. Derby hiyo ni ya farasi wa miaka mitatu pekee. Kila mmoja ana nafasi moja tu maishani. Lakini farasi aliyekosa Derby atashindana kwingine. Aliyevunjika mguu mara nyingi huuawa papo hapo uwanjani, na hakuna kikombe kitakachomfufua.