CHUNGU CHA MAWE HAKIPASUKI

Wiki hii kijiwe chetu kimehamia Itigi, mkoani Singida. Nimewakuta vijana wawili wanabishana hadi mishipa ya shingo imewatoka: nani mbabe kuliko wote katika historia? Mmoja anasema Shaka, mwingine Mirambo. Nikawaambia, washikaji, mbona mnamsahau aliyetamba kwenye mapori yenu haya haya?

Anaitwa Nyungu ya Mawe. Nyungu ni chungu, na cha mawe hakipasuki! Jamaa alikuwa na jicho moja, lakini msimdharau. Alikuwa damu ya watemi wa Unyanyembe, kule Tabora.

Mwaka 1860 Waarabu walimng'oa Mtemi Mnywa Sele kwa sababu alitoza ushuru bidhaa zao. Wakamsimika jamaa yake, Mkasiwa. Basi, vita vya ukoo mmoja hivyo! Hata Uingereza mambo hayo yalikuwepo. Richard Neville wa Warwick, bingwa wa kuweka na kung'oa wafalme, aliuawa vitani Barnet mwaka 1471. Mnywa Sele naye aliuawa mwaka 1865.

Nyungu hakukaa kulia. Aliingia Ukimbu na ruga-ruga wake, vijana wasio na kwao: watumwa waliotoroka, wapagazi walioacha misafara, mateka wa vita. Bangi kichwani, bunduki mkononi. Miaka ya 1870 akaiteka Kiwele, akaibana njia ya misafara ya Mgunda Mkali. Mshiko wenyewe ulikuwa pembe za ndovu. Tusimpambe sana lakini, maana wengi walilia kwa ajili yake.

Sasa sikieni utamu. Mirambo alifariki Desemba 1884, Nyungu akamfuata mwezi huo huo. Dola ya Mirambo ikaanza kumeguka mara moja. Ya Nyungu je? Ikashikwa na mwanamke, Mgalula, ikasimama hadi Wajerumani walipoitia mkononi mwaka 1895.

Siri yake nini? Nyungu alikuta tawala ndogo zaidi ya 30. Akazikusanya katika maeneo machache, kila eneo akaliwekea mtwale wake wa kusimamia watu na kupeleka pembe Kiwele. Mkubwa akaenda kaburini, kazi zikaendelea.

Yule shabiki wa Mirambo akanyamaza. Kumbe ana karakana yake ya kuchomelea vyuma, na vijana watatu chini yake. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, ukilala na malaria wiki mbili, nani anafungua?" Akacheka kidogo, akapapasa mfuko wa suruali. Funguo zote anazo yeye, bei zote ziko kichwani mwake!

"Kaka," akasema, "leo hii naenda kuchonga funguo ya pili."

Je, wewe msomaji, funguo yako ya pili anayo nani? Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.