Nani Ahesabu Nauli ya Mgonjwa?

Twaambiwa kila mara kwamba matibabu ya saratani ni ghali kwa Serikali. Ni kweli. Lakini hesabu hiyo ni nusu tu.

Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi hupigwa mionzi siku tano kila wiki, kwa wiki zipatazo tano. Akisha kuruhusiwa, hutakiwa arudi kutazamwa kila miezi mitatu hivi kwa miaka miwili, kisha kila miezi sita hata mwaka wa tano. Tumchukue mama wa Songea anayetibiwa Ocean Road, hospitali waliyoijenga Wajerumani, ambayo sheria ya 1996 iliifanya taasisi ya saratani. Marudio yake ni kama 14. Songea hata Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Kwenda na kurudi mara 14 yapita kilomita 25,000!

Nani alipe nauli hiyo? Na chakula, na pa kulala, na siku za palizi zilizopotea, na binti anayeacha shule amsindikize mama yake? Wataalamu wa uchumi wa afya hutenga gharama za hospitali na gharama za mgonjwa. Za kwanza zina risiti, basi ndizo husomwa mikutanoni. Za pili twazijua sisi tunaozunguka matawini: huuzwa mbuzi, kisha shamba, kisha safari hukoma. Daftari la hospitali huandika "hakurudi". Ugonjwa ukiamka tena hakuna wa kuuona mapema, na fedha yote iliyotumika kwenye mionzi imepotea pamoja na mtu.

Twadai utafiti wowote wa fedha ya umma ufike nyumbani kwa mgonjwa, uhesabu nauli na jembe lililolala. Tena, marudio mengi ni kumhoji mgonjwa na kumpima kwa mkono. Hayahitaji mashine ya mionzi. Kwa nini yasifanyike hospitali ya mkoa, barua ya daktari ikitangulia? Abuja, mwaka 2001, wakuu wa Afrika waliahidi afya asilimia 15 ya bajeti. Hatujasahau.

Wenyeviti wa matawi waanze sasa. Mgonjwa akiridhia, na bila kutaja jina lake, waandike alisafiri mara ngapi na aliuza nini. Madaftari yafike ofisi ya wilaya kabla ya mkutano ujao.