Jina Moja, Kumbukumbu Mbalimbali

Katika chumba cha kompyuta cha shule yetu pameingia ubishi usiokwisha, nao wafika hata mabwenini baada ya taa kuzimwa. Ubishi wenyewe ni juu ya kadi za grafiki, yaani zile kadi zichomekwazo ndani ya kompyuta ili zichore picha za kiooni. Kadi mbili zaweza kuwa na jina moja, kasha moja, feni za namna moja na bei moja; lakini ukiifungua ya kwanza wakuta chipu za kumbukumbu zimetengenezwa na Samsung wa Korea, na ukiifungua ya pili wakuta zimetengenezwa na Micron wa Marekani. Basi wenzetu wamejigawa vyama viwili. Hawa wasema asiye na Samsung amepunjwa, na hao wajibu kwamba hayo ni majivuno matupu. Nimeona yafaa niseme neno, kwa kuwa ubishi huu umekwisha anza kula fedha za watu. Liko duka mjini ambalo huongeza bei ya kadi iliyokwisha tumika kwa sababu tu ya jina la chipu, na wapo waliolipa.

Kwanza ijulikane kwamba hakuna kiwanda kimoja kinachotengeneza kadi nzima. Nvidia na AMD hubuni chipu kuu. Makampuni mengine, kama ASUS na MSI, huuza kadi zilizokwisha undwa kwa majina yao. Kumbukumbu hununuliwa kwingine kabisa, na siku hizi wauzaji wakubwa wa kumbukumbu za kadi hizi ni watatu tu: Samsung, SK Hynix na Micron. Chukua mathalani GeForce GTX 1070 iliyotoka mwaka 2016. Ina gigabaiti 8 za kumbukumbu, nazo zimo katika chipu nane zilizoizunguka chipu kuu kama vijana waliozunguka sufuria. Kasi iliyoahidiwa ni gigabaiti 256 kwa sekunde. Mtengenezaji ameahidi kasi hiyo na ukubwa huo, hakuahidi kiwanda.

Mimi sioni kosa kununua kwa wauzaji watatu. Mpishi wetu naye hununua maharagwe kwa wakulima wengi (na wako wanaodai kuonja tofauti, lakini hayo tuyaache). Anayetegemea mlango mmoja hulala njaa siku mlango ukifungwa, na milango ya biashara hii imefungwa mara nyingi. Radeon HD 4870 ya AMD, iliyotoka Juni 2008, ilikuwa kadi ya kwanza kutumia kumbukumbu za GDDR5, na chipu hizo zilitoka kwa Qimonda wa Ujerumani. Haikupita hata miezi minane, Qimonda ikatangaza Januari 2009 kwamba haiwezi kulipa madeni yake. Elpida wa Japani ikaanguka Februari 2012, na mwaka uliofuata ikanunuliwa na Micron. Septemba 2013 moto ukaunguza sehemu ya kiwanda cha Hynix kule Wuxi, nchini China, na bei ya kumbukumbu ikapanda dunia nzima. Baada ya kuyaona hayo, nani atamlaumu mwenye kiwanda akiwa na wauzaji wawili au watatu?

Lakini haifai kusema kwamba tofauti haipo. Ipo. Kadi za kwanza za GTX 1070, ndizo zilizopimwa na waandishi na kusifiwa, zilikuwa na Samsung. Baadaye mwaka ule ule zikaanza kuja zenye Micron, pasipo neno lolote juu ya kasha. Baadhi ya wenye kadi hizo, hasa waliojaribu kuzikimbiza kupita mwendo wa kiwandani, wakaona kioo kikijaa madoadoa na kompyuta ikizimika. Wakapiga kelele. Makampuni ya kadi, EVGA mojawapo, yakatoa bayosi mpya, yaani ile programu ndogo ikaayo ndani ya kadi na kuipa maagizo ya umeme na mwendo. Kwa bayosi hiyo shida ikatengenezwa. Angalieni jambo hili vizuri, enyi wa chama cha Samsung: dawa haikuwa kubandua chipu za Micron, bali kusahihisha maagizo waliyopewa. Mgeni alikaribishwa nyumbani kwa desturi za mgeni mwingine.

Sifa kubwa ya Samsung ilienezwa zaidi na wachimbaji wa sarafu za kompyuta. Kuchimba Ethereum kulitegemea sana kasi ya kumbukumbu, kwa hiyo waliokuwa na RX 480 na RX 580 walibadilisha bayosi ili kumbukumbu ziende mbio, na mara nyingi wakaona za Samsung zavumilia kuliko nyingine. Kwao tofauti ndogo katika kadi mia ilikuwa fedha. Lakini Ethereum iliacha kuchimbwa Septemba 2022, na kadi nyingi za wachimbaji zikaingia sokoni. Jambo la ajabu ni kwamba sifa ile imebaki. Mtu anunuaye kadi leo ili afanye michoro ya ramani au acheze mpira wa kompyuta hachimbi kitu, naye bado alipa bei ya mchimbaji. Kwa mwendo wa kiwandani Samsung, Hynix na Micron zote zatimiza ahadi ile ile. Na kadi ya Samsung iliyokimbizwa mchana na usiku kwa miaka mitatu si lazima iwe bora kuliko ya Micron iliyokaa ofisini.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera hasa. Tunapogombana juu ya kiwanda, tumeacha kuangalia namna ya kumbukumbu, na hapo ndipo mnunuzi huumizwa. GeForce GT 1030 ilitoka Mei 2017 ikiwa na kumbukumbu za GDDR5, zenye kasi ya gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikaja GT 1030 nyingine yenye DDR4. Jina halikubadilika. Kasi yake? Gigabaiti 16.8 kwa sekunde, yaani karibu theluthi moja ya ile ya kwanza! Waliozipima pamoja waliona michezo mingi ikienda nusu ya mwendo au karibu na hapo. Hii si tofauti ya Samsung na Micron inayotafutwa kwa darubini. Hii ni baiskeli na pikipiki kupewa jina moja. Mara nyingine bahati humgeukia mnunuzi: GTX 1650 ya mwaka 2019 ilikuwa na GDDR5 na gigabaiti 128 kwa sekunde, na ile ya 2020 ikapewa GDDR6 na gigabaiti 192. Lakini hata hapo, aliyenunua kasha la zamani lililobaki dukani alipata pungufu kwa jina lile lile.

Kwa hiyo nasema hivi: namna ya kumbukumbu ikibadilika, jina nalo libadilike. Na kiwanda kikibadilika, jina libaki, ila kiandikwe juu ya kasha kwa herufi za kusomeka. Wapo watakaouliza, ikiwa viwanda vyote vyatimiza ahadi, ya nini kukiandika? Nitawajibu. Chipu ikifa, fundi hutafuta ya kuipandikiza, naye lazima ajue ni ipi. Tena bayosi hubeba maagizo ya kila kumbukumbu. Ukitia bayosi isiyoijua kumbukumbu yako, kadi yaweza kukataa kuonyesha chochote. Muhula uliopita mwenzetu mmoja aliazima bayosi ya kadi ya ndugu yake, zikiwa zote mbili RX 580 na za kampuni moja. Ya ndugu yake ilikuwa na Samsung na yake ilikuwa na Hynix, na kioo kikawa cheusi tangu Jumamosi hadi Alhamisi. Neno moja kwenye kasha lingemwonya.

Makampuni yako mbali, na sidhani watalisoma gazeti letu. Lakini ninyi wanafunzi wa zamani mnalisoma, na miongoni mwenu wamo wenye maduka ya kompyuta Kampala na Jinja. Ninyi hamhitaji ruhusa ya mtu. Kuna programu iitwayo GPU-Z, hutolewa bure, nayo huonyesha namna ya kumbukumbu, kasi yake na kiwanda chake kwa muda wa dakika moja. Ikiwa kadi imekwisha funguliwa ili isafishwe, hata programu haihitajiwi: chipu za GDDR5 za Samsung huanza na herufi K4G, za Hynix H5G, na za Micron huwa na namba fupi ianzayo na D9. Andikeni hayo kwenye kikaratasi cha bei. Na kwa kadi za GT 1030 andikeni GDDR5 au DDR4 kwa wino mwekundu, kabla mtoto wa Kidato cha Pili hajatoa akiba yake ya likizo nzima mezani penu.