Chakula cha Roho Katika Kwaresima

Mwaka 2025, Jumatano ya Majivu ilipoangukia tarehe 5 Machi, siku chache baada ya kuandama mwezi wa Ramadhani, Mkristo wa Mpapura, mkoani Mtwara, aliianza saumu yake ya siku 40 katikati ya majirani Waislamu waliokwisha kufunga. Nami naitakidi kwamba ujirani huo ni neema, maana amwonaye mwenziwe akistahimili kiu tangu alfajiri hadi magharibi huona haya kuidhania Kwaresima kuwa ni kuacha nyama Ijumaa tu. Roho hulishwa kwa sala na toba, na kwa sadaka hasa, kwa kuwa majira hayo fedha ya korosho imekwisha na mahindi hayajakomaa; basi tulichojinyima na kipimwe kibaba, kifikishwe kwa mjane kabla ya Pasaka, awe wa kanisani au wa msikitini.